Asubuhi Mafuta Yalipoganda

Nilisikia mvumo kabla sijaona chochote: mti ukiteleza juu ya mti, kwanza taratibu, kisha kwa kasi inayopanda hadi kooni, kisha pigo moja kavu, ta! Nilikuwa nimekaa mkekani miongoni mwa wanawake, kwenye matanga ya Kaka Athumani, Msambweni, na juzuu ilikuwa wazi mapajani mwangu. Kisomo hakikukatika. Hakuna aliyegeuza shingo ila mimi, na upande wa pili wa chumba mwanamke mrefu aliyejitanda leso ya rangi ya kutu. Tulitazamana. Mvumo ukaja tena kutoka nyuma ya ukuta, ukaishia kwa pigo lile lile, na yule mwanamke akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikamjua. Alikuwa Umazi wa Kinango. Huko nyuma wajukuu wa marehemu walikuwa wameegemeza ubao kwenye ukuta wa jiko na walikuwa wakiteremsha vigari vya mti, wamechoka na huzuni ya watu wazima, wala hawakujua kwamba kila pigo la kigari chao lilikuwa likigonga kifuani mwangu.

Tulikutana uani, kwenye birika la kunawia, pilau ikiwa inapakuliwa kwenye masinia. “Umenenepa, Saumu,” akaniambia. “Nawe umekonda.” “Randa haimnenepeshi mtu, dadangu.” Mikono yake ilikuwa migumu kama ya mwanamume, na ukucha mmoja ulikuwa mweusi, umepigwa nyundo. Akasuuza vidole muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha, kwa sauti ya chini: “Na yule mwenzako? Otieno. Amekuja?” Nikamwambia hakuja. “Amepata habari?” “Sijui ni nani angempa.” Akaliweka birika chini. “Mimi nilisema kweli siku ile,” akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. “Ulisema kweli,” nikamjibu. Tukaingia ndani kula, tukakaa sinia moja, na hatukuongeza neno juu ya hilo, ingawa nadhani kila mmoja wetu alikuwa akitafuna mwaka ule pamoja na wali.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, na mahali nilipoishi hasa, kwa maana ya mahali roho yangu ilipolala, palikuwa ni stoo ya zamani ya mbata nyuma ya soko. Nazi zilikuwa zimeacha kukaushwa humo tangu zamani lakini harufu yake haikuhama. Ilikuwa ndani ya sakafu, ndani ya boriti, na jioni ukirudi nyumbani ilikuwa ndani ya nywele zako. Kaka Athumani alikuwa ameiomba stoo ile kwa ajili ya kikundi cha vijana. Alikuwa seremala wa vitanda na milango, mtu mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kulitazama jambo kwa jicho moja kama anayepima unyofu wa ubao. Alitufundisha kuchonga vigari vidogo kwa mti wa mwembe, urefu wa kiganja na nusu, magurudumu ya mwarobaini, ekseli za spoki za baiskeli. Havikuwa na injini wala kamba. Viliteremka kwa uzito wao wenyewe kwenye njia ndefu ya mbao iliyoinamishwa kutoka dirishani hadi sakafuni, tukiiita ulimi. Ili kigari kiwe kizito tuliyeyusha chubwi, yale madonge ya risasi wanayofunga wavuvi kwenye mishipi, ndani ya mkebe juu ya makaa, tukamimina kwenye tundu tulilolichimba tumboni mwake. Mkebe ulipoanza kung’aa sote tulinyamaza. Hata leo nikisikia watu wamenyamaza ghafla chumbani, naona risasi ikizunguka kama jicho.

Kila kigari kilikuwa cha watu wawili, na mwenzangu alikuwa Otieno. Mama yake alifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na walikuwa wamekaa pwani tangu Otieno akiwa hajaota meno ya pili, lakini walikaa Ukunda, miongoni mwa watu wa bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. “Saumu, cheki, hii gari iko na mguu moja fupi.” Wavulana wengine waliangua kicheko. “Ati mguu! Litavaa na ndara?” “Livae ndara ya mamako,” alijibu, akiendelea kupiga msasa, na ndiyo ikawa desturi: wao humtania, yeye huwajibu, na kigari chetu huwashinda wote. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu. Aliweza kushika gurudumu kati ya vidole viwili, akafumba macho, akasema lilipovimba, na palipovimba palikuwa pembamba kuliko karatasi. Mimi nilikuwa mtu wa mafuta. Msambweni yote ilitumia mafuta ya uto, mafuta ya nazi yanayopikwa nyumbani, tone moja kwenye kila spoki, na Kaka Athumani aliyaonea fahari mafuta yale kama mtu anavyouonea fahari ukoo wake. Mbio zetu zilikuwa baada ya alasiri, bati la stoo likiwa limewaka, na kwa tone lile vigari vilishuka kama vimetupwa.

Kulikuwa na sharti moja. Kigari kikishapimwa mizani na kuwekwa mezani, hakiguswi. Kabla yake kulikuwa na werevu waliopitisha mizani kigari chepesi, kisha wakakisindilia chubwi nyingine kwa siri, na ugomvi uliotokea uliwafikisha watu kushikana mashati. Sharti la Kaka Athumani lilimaliza yote hayo. Vikundi vya Kwale na Kinango vililichukua pia, na kila mahali liliitwa sharti la Athumani. Sitasahau siku nilipoliona lina meno. Ilikuwa wakati wa masika, kikundi cha Kinango kilipokuja kushindana nasi. Umazi alikuja na kigari cha mti mkavu wa kwao, kimechongwa vizuri hata Otieno akapiga mluzi. Kilipimwa asubuhi, kikawekwa mezani, mvua ikanyesha hadi alasiri. Mti uliokuwa umeishi maisha yake yote katika ukame ukanywa hewa yetu, matundu ya magurudumu yakavimba, yakabana spoki. Umazi aliligundua kwa kutazama tu. “Kaka, nipe msasa. Niupitishe mara moja tu, mbele ya macho yenu.” “Hakiguswi.” “Basi mkiweke juani wenyewe, jua si limetoka? Kikauke kidogo.” “Hakiguswi, hakihamishwi, na mbio hazingoji.” Aliyasema hayo kwa upole, kwa namna anavyosema daktari. Kigari cha Umazi kiliachiwa, kikatikisika, kikabaki pale pale juu. Sisi wa Msambweni tulimwona Kaka Athumani ana haki, na tulifurahi kuwa watu wa mtu mwenye haki. Umazi alikifunga kigari chake ndani ya leso, akaenda zake bila kulia.

Miezi ya kusi, ya upepo wa baridi, ilipoingia, siku moja nilikuwa peke yangu stoo nikipiga msasa, nikasikia sauti mbili upande wa nje wa dirisha. Moja ilikuwa ya Mama Otieno. “Athumani, hoteli wamefunga upande wetu. Wanasema wageni hawaji. Mwisho wa mwezi wa nane narudi nyumbani.” “Na Otieno, mama?” “Otieno anasema kwao ni hapa. Mtoto anasema hivyo! Huko nyumbani anajua nini? Hata jina la babu yake analisema kama mgeni.” Nikaacha msasa. Nikamsikia Kaka Athumani akimweleza juu ya karakana ya Kwale, ile ya fanicha, kwamba mshindi wa mbio za mwezi wa saba angechukuliwa huko kuwa mwanagenzi, afundishwe kazi, apewe na mahali pa kulala. “Akishinda, nitamwacha,” akasema Mama Otieno. “Roho itaniuma lakini nitamwacha. Asiposhinda, tunapanda basi sote wawili. Siwezi kuacha mtoto barabarani.” “Atashinda,” akasema Kaka Athumani. Nilikuwa sijapata kumsikia akiahidi jambo lisilokuwa mikononi mwake.

Tangu siku ile kigari chetu kiliacha kuwa mchezo. Mimi nilitaka kuendelea na masomo na nafasi ya karakana sikuihitaji. Yeye aliihitaji kama pumzi. Alianza kuja stoo kabla ya shule, kisha baada ya shule, kisha akaacha kujibu matani. Mama yangu alikuwa akinipa mahamri na mbaazi ndani ya bakuli nimpelekee, na bakuli lilirudi na chakula kimeguswa pembeni tu. “Kula, wewe.” “Nikila mkono unatetemeka.” Siku moja aliniambia, bila kuinua macho, “Saumu, unajua nikilala nasikia nini? Nasikia ikiteremka. Halafu haifiki.” Nikamwambia itafika. Sote tulikuwa tunaahidi siku zile.

Mwezi wa saba ulipofika, tulipanda Kwale siku ya Ijumaa baada ya sala. Vigari vyetu vilipimwa alasiri katika ukumbi wa mji, vikapangwa kwenye meza ndefu, na Bwana Mwero, mwalimu mstaafu wa useremala aliyekuwa msimamizi wa mbio, akaufunga ukumbi kwa kufuli hadi mbio za asubuhi. Nilikuwa nimetia mafuta mapya kwenye kila spoki dakika chache kabla ya mizani. Gurudumu ulilipuliza tu, likazunguka mpaka ukachoka kulitazama. Usiku tulilala kwa wenyeji wetu, tukala sima na mchicha wa nazi, na Otieno akala, akaomba hata nyongeza, na mama yake, aliyekuwa amepanda pamoja nasi, alimtazama akila kama mtu anayejaza chombo cha safari bila kujua safari ni ipi.

Asubuhi Kwale haikuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Shimba ukafunika barabara, msikiti, na hata kuku tuliowasikia tu. Vidole viliuma kwa baridi. Tulipofunguliwa ukumbi niliingia wa kwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye kigari chetu, mikono nimeiweka nyuma kama inavyotakiwa, nikainama. Kuzunguka kila spoki palikuwa na pete nyeupe, nyembamba, kama mtu amepaka chokaa. Nilijua pale pale. Mtoto gani wa pwani asiyejua? Nyumbani, miezi ile, kila asubuhi mafuta yaliganda chupani, na mama huiweka chupa kizingitini ipate jua, ndipo anisuke. Tulijua kwa nywele. Tulijua kwa kikaango. Kwa magurudumu hatukujua, sote, kuanzia Kaka Athumani hadi mdogo wetu wa mwisho, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kushindanisha kigari kabla ya jua kupanda.

“Otieno,” nikasema. Alikuja, akatazama. Uso wake haukubadilika. Masikio ndiyo yaliyobadilika, yakawa ya kijivu. “Yameshika,” akasema. “Yameganda.” “Yote?” Nikatazama meza. Vigari vyote vya Msambweni vilikuwa na pete ile nyeupe. Vya Kwale havikuwa nayo, vya Kinango pia. Wao walisugua spoki kwa kipande cha sabuni kavu na sisi tulikuwa tumewacheka kwa hilo. Otieno akamwendea Kaka Athumani, nusu akikimbia. “Kaka, mafuta yameganda. Nikipe joto kidogo tu. Nikiweke kwapani. Dakika moja, kaka, si nitasimama mbele yenu?” Kaka Athumani alienda mezani, akatazama kwa jicho lake moja.

Bwana Mwero alikuwa mtu mpole, mwenye koti kuukuu na kofia ya vito iliyofifia. Alielewa haraka. “Kugusa hapana,” akasema, “lakini kungoja? Ukungu huu hauvuki saa tatu. Jua litaingia kwa dirisha lile mpaka mezani. Tukingoja nani atadhurika?” Akamgeukia Kaka Athumani. “Lakini sharti ni lako, Athumani. Wewe ndiye uliyetuletea. Ukisema tungoje, tutangoja, na hakuna atakayenung’unika.” Watu wakaanza kuitikia, hata wa Kwale wenyewe, kwamba naam, si neno, tungoje. Nikamwona Otieno akianza kupumua. Mama yake alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono mmoja juu ya kifua.

“Mimi sikungojewa.” Sauti haikuwa kubwa. Umazi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kigari kingine kipya cha kwake kikiwa mezani kama vyote. Alisimama. “Shikamoo, Kaka Athumani. Sisemi kwa ubaya. Nilikuomba jua, na jua lilikuwa limetoka. Ukaniambia mbio hazingoji. Nikaenda nyumbani nikawaambia wenzangu, yule mtu ni mgumu lakini ana haki, kwa hiyo tulitumie sharti lake. Ndiyo tumelitumia. Sasa niwaambie nini?” Ukumbi ukanyamaza, kimya kile cha mkebe juu ya makaa. “Dada,” Otieno akamwambia, “tafadhali.” Umazi alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yakalowa, lakini hakukaa.

Mpaka leo naweza kuuchora uso wa Kaka Athumani. Alimtazama Umazi. Akamtazama Otieno, kisha, kwa muda mfupi mno, mama yake kule mlangoni, na alipomtazama nilijua amesikia tena ahadi yake ya dirishani. Dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu. Sauti ilipotoka ilikuwa ile ile ya upole. “Mbio zianze,” akasema.

Kigari chetu kilipoachiwa hakikuvuma. Hilo ndilo ninalolisikia zaidi, ule ukosefu wa sauti. Kilisogea kwa uzito wa chubwi zake, kikashuka kama mzee anayetafuta ngazi kwa mguu, kikafika katikati ya ulimi, kikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema, “Sukuma basi!” kisha akaona haya. Kigari cha Umazi kilipita kando yake kwa mvumo mkavu, kikagonga ubao wa mwisho, ta. Mama Otieno alijifunga leso yake upya kiunoni, akaikaza vizuri kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Tulipotoka nje, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na jua lilikuwa limeshika bati za mji mzima.

Nimemhukumu Kaka Athumani mara nyingi. Nilipokuwa na miaka ishirini nilimwona katili, na nilipopita njiani nikamwona anakuja nilivuka barabara. Nilipofika arobaini, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Tiwi, nilimnyima msichana mmoja ruhusa kwa sababu nilikuwa nimemnyima mwenzake wiki ile ile, nikarudi ofisini nikakaa bila kuwasha taa, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Matangani, Umazi akipasua kipande cha nyama kutugawia, nilitaka kumuuliza kama naye amekuwa na vyumba vyake vya kukaa gizani. Sikumuuliza. Amefundisha vijana wengi katika karakana ile ile ya Kwale iliyompokea kwa ushindi wa asubuhi ile. Walimwita fundi uani, kwa heshima, na sina uwezo wa kutamani wasimwite hivyo.

Otieno alikuja stoo kuaga mwisho wa mwezi wa nane, mchana, bati likiwa limewaka. Mimi nilikuwa nafagia maranda. Kaka Athumani alikuwa ameinama kwenye mguu wa kitanda cha mtu, na aliposikia hatua hakuinuka. Otieno alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na viatu vya shule vilivyopakwa rangi. “Shikamoo, kaka.” “Marahaba. Kaa, chai inakuja.” “Mama yuko kituoni. Nimekuja kusema kwaheri tu.” Kaka Athumani aliweka randa chini. Nilidhani atanyamaza kama kawaida yake, lakini maneno yalimtoka kama yalikuwa yamekaa nyuma ya meno. “Yule msichana alikuwa na haki yake. Nilimwambia hapana humu humu, nawe ulikuwepo. Ningemwambia nini?”

“Nilikuwepo,” Otieno akasema. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu wetu, ambacho sikujua alikijifunza lini. “Ulikuwa na haki siku ile, ukawa na haki Kwale. Nimekaa nikitafuta palipo na kosa, kaka, nimepapasa kote kama gurudumu. Sikupata.” “Basi nisamehe.” “Nikusamehe nini na hukukosa?” Alivuta pumzi. “Nilitaka kukuuliza jambo moja. Ungesema tungoje, ungekuwa umekosea?” Kaka Athumani alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri hata alipoumia. “Ningekuwa nimekosea,” akasema.

Otieno akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, chumvi, au kiberiti: “Ungeweza kukosea mara moja.”

Mkono wa Kaka Athumani ulitafuta randa kwenye maranda, ukaipata, ukaiacha. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio kwa mikono miwili. Otieno alinigeukia, akaniambia, “Saumu, ukae vizuri.” Alitembea polepole hadi mlangoni. Ulikuwa mlango mzito wa mti, uliolala kwenye bawaba zake na kukwaruza sakafu, na wageni waliupiga teke. Sisi wa kikundi tulijua kuunyanyua kidogo kwa kitasa ukipita. Aliunyanyua, akatoka, akaushusha tena mahali pake nyuma yake bila kuukwaruza, taratibu, kama anayemfungia mlango mtu aliyelala, na komeo likaingia.